Mwaka Tulioichora Zuhura pale Tunduma

Walipomzika Daktari Sekela Mtafya kule Isongole, mwezi uliopita, msoma wasifu alifika kwenye mwaka ule akaupita kwa sentensi moja: "Kisha marehemu alirejea nchini kumuuguza mama yake, akakaa Tunduma kwa muda." Akageuza ukurasa, akaingia kwenye miaka mingi ya kufundisha jiografia, na hapo watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali, maana nusu ya waliokuwa chini ya turubai walipitia darasani kwake. Nyuma yangu wanawake wawili walinong'onezana. "Si ndiye huyu aliyekuwa anachora nyota?" mmoja akauliza. "Nyota gani? Alikuwa anapima viwanja," akajibu mwenzake. Nilipopewa dakika mbili za kusema neno nilisimama, nikasema marehemu alinifundisha kazi ninayoifanya hadi leo, nikawapa pole wafiwa, nikakaa. Njia nzima ya kurudi Vwawa nilijilaumu. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyasema, ingawa sina hakika kama yangefaa kusemwa mbele ya jeneza, kwa sababu katika habari hii mwenye kosa ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nina cheti cha uchoraji ramani na sina kazi. Songwe haikuwa mkoa bado. Sote tulihesabiwa mkoa wa Mbeya. Mtu wa kanisani alinielekeza kwamba kuna mama mmoja amerudi kutoka Ulaya, anatafuta mtu mwenye mkono usiotetemeka. Nilimkuta katika nyumba ya Mama Siame, mtaa wa Majengo, chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi na bado kilinuka magunia. Meza yake ilikuwa mlango wa mbao uliong'olewa bawaba, ukalazwa juu ya kreti nne za soda. Juu ya ule mlango palikuwa na picha ndefu ya rangi ya kijivu, imekandamizwa kwa mawe pembeni. Nikadhani ni ngozi ya mnyama imepigwa picha kwa karibu. "Shikamoo," nikamwamkia. "Marahaba. Chora huu," akasema, akanionyesha mstari mmoja mwembamba ndani ya ule ukijivu, bila kuniuliza jina. Nikaufuata kwa kalamu ya wino kwenye karatasi nyepesi inayoonyesha ya chini. Aliinama akautazama kwa kioo cha kukuzia. "Unaitwa nani?" "Eliza." "Eliza, hiyo ni Zuhura. Unaanza kesho saa mbili."

Zuhura nilikuwa naijua kama kila mtu, nyota inayong'aa magharibi jua likizama. Daktari alinieleza kwamba ni dunia kama hii yetu, ya mawe, karibu ukubwa uleule, ila imefunikwa na mawingu mazito ambayo hayaondoki, kwa hiyo hakuna kamera inayoiona ardhi yake. Chombo kilichotumwa huko kilikuwa kinaizunguka na kuimulika kwa rada kupita mawingu, kisha kinasikiliza mwangwi unaorudi. Kila mzunguko ulitoa utepe mmoja mwembamba wa picha, na tepe hizo zilishonwa pamoja huko Ulaya, zikakunjwa ndani ya mabomba ya karatasi ngumu, zikaja kwa posta hadi Tunduma. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya miamba ya kipande kimoja cha sayari hiyo: wapi lava ilitiririka, wapi ardhi ilipasuka, na kipi kilitangulia. Wengi walidhani ile picha ni kama picha ya kawaida, palipo peupe pana mwanga. Mimi pia. Siku ya pili alichukua kioo cha kujitazamia na tochi, akafunga dirisha, akakilaza kioo chini kando ya rundo la kokoto na kumulika vyote kwa pembeni. Kokoto zikang'aa, kioo kikawa cheusi. "Umeona? Kioo kimeutupa mwanga kule mbele, haukurudi kwangu. Kokoto zimenirudishia. Kwa hiyo peupe ni nini?" "Penye mawe." "Panapokwaruza. Na peusi?" "Palipo laini." "Au pasipopigwa picha kabisa," akaongeza. "Hapo usichanganye. Kuna weusi wa ulaini na kuna weusi wa kutokujua." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sheria zake zilikuwa tatu na alizibandika ukutani kwa mkono wake. Unachokiona, chora mstari mzima. Unachokikisia, chora mstari wa vipandevipande. Usichokiona, acha wazi. Chini yake aliandika kanuni ya wazee wa jiolojia, kwamba kinachokata ni kichanga kuliko kinachokatwa, na kinachofunika ni kichanga kuliko kinachofunikwa. Mtu akizishika hizo, alisema, anaweza kuandika historia ya mahali ambapo hajawahi kukanyaga na hatakanyaga.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na tulifanya kazi kwa nuru yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nje malori yalisubiri kuvuka mpaka, injini zikinguruma, vumbi likiingia hata tukiziba kwa kanga. Kila nusu saa tulipangusa picha kwa brashi ya kunyolea. Mama Siame alikuwa Mnamwanga, nusu ya ndugu zake wako Nakonde, upande wa Zambia, na alivuka mpaka mara nyingi kuliko sisi tulivyovuka barabara. Alirudi na kapenta, dagaa wakavu wa huko, akatupikia kwa nyanya na majani ya maboga yaliyotiwa karanga, tukala ugali mezani kwake jikoni kwa sababu Daktari alikataza chakula kuingia kwenye chumba cha kazi. Dada yake alipofika kutoka ng'ambo alibisha kwa "Mwapoleni, mukwai," na sisi tukajifunza kuitikia. Watu walisikia kuna daktari, wakaleta watoto wenye homa. Daktari Sekela aliwaeleza kwa upole kwamba yeye ni daktari wa mawe. Mwanamke mmoja aliondoka akisema, "Sasa mawe yanaugua nini?"

Wengine walituogopa. Uvumi ulienea kwamba tunapima mtaa ili ubomolewe, au kwamba mpaka unasogezwa. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja rasmi, kofia mkononi, akaomba kuona. Daktari akamwonyesha. Mzee aliitazama ramani kwa muda mrefu, kidole kikifuata nyufa tulizochora.

"Hapa ni wapi?"

"Zuhura, baba."

"Iko wilaya gani?"

"Haiko wilaya yoyote. Ni ile nyota ya jioni."

Akacheka, kisha alipoona hatucheki akaacha. "Kuna watu?"

"Hakuna. Joto lake linayeyusha risasi."

"Basi chora tu, mama," akasema, akivaa kofia. "Mradi hakuna wa kuhamishwa."

Mvua za masika zilipokolea, mama yake Daktari alipooza upande mmoja. Kuanzia hapo Daktari aligawanyika. Jumatatu hadi Alhamisi yuko Isongole, Ijumaa yuko Tunduma, wakati mwingine wiki nzima haonekani, kwa kuwa barabara ya Mpemba kwenda Isongole ilikuwa udongo mtupu na pikapu zilikwama. Aliniachia kazi. Nilikuwa nimekuwa hodari, na nasema hivi bila majivuno kwa sababu ndiko kulikoniponza. Katikati ya kipande chetu kulikuwa na ufa mkubwa, mpana, unaofanana na bonde letu la Rukwa likitazamwa kutoka juu. Ufa ule ulikuja kutoka magharibi hadi ukingoni mwa uwanda wa lava, na hapo hasa palikuwa na utepe uliokosekana, mstari mweusi ambao chombo hakikuupiga picha, upana wa kidole kwenye karatasi. Upande wa pili wa utepe, ndani ya uwanda, palikuwa na ufa mwingine unaoendelea kuelekea mashariki. Zilitazamana kama nusu mbili za mkono uliokatika. Nilikaa na kalamu. Nilijua sheria. Lakini nilikuwa na uhakika, na ramani ingependeza, na nikawaza: nani atakwenda Zuhura kuhakiki? Nikauvusha mstari mzima kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi mara moja.

Daktari alirudi Ijumaa ile, macho mekundu, nguo zina harufu ya dawa ya kuchua. Alipofika pale alisimama. "Unaukata uwanda," akasema. Nikasema ndiyo. Hakuchukua kioo cha kukuzia. Alikaa kwenye kreti akaanza kuandika palepale, na kwa mara ya kwanza tangu masika nikamwona anatabasamu peke yake, kwani kama ufa unakata lava, basi ufa ni mchanga kuliko lava, na kama ni mchanga hivyo, ile sayari iliyodhaniwa imekwisha kutulia huenda bado inapasuka. Lilikuwa jambo kubwa. Wakubwa wake huko Ulaya walikuwa wanaamua nani apewe vipande vilivyobaki, na hoja hiyo ingemweka mbele. Kwa wiki kadhaa aliandika makala juu ya mstari wangu.

Mwezi wa nane lilifika bomba jingine. Yeye alikuwa Isongole, nami nikalichukua posta na kulifungua, kama nilivyoruhusiwa. Chombo kilikuwa kimezunguka tena na kuziba mapengo, na ndani ya bomba ulikuwamo ule utepe uliokosekana. Niliulaza mahali pake. Lava ilikuwa imeingia ndani ya ufa wa magharibi na kuujaza hadi juu, ikaufunika kabisa. Ule wa mashariki ulikuwa ufa mwingine, umeanza wenyewe upande wa kaskazini na kupinda. Hazikukutana. Mstari wangu ulipita juu ya mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote cha kuuhalalisha, na historia yote iligeuka: ufa ulikuwa wa zamani, lava ndiyo iliyokuja baadaye. Nilirudisha utepe ndani ya bomba, nikalisukuma chini ya kitanda changu katika chumba nilicholala nyumbani humo, nikaenda kumsaidia Mama Siame kupepeta mchele. Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa Daktari alikuja na makala imepigwa chapa, amevaa viatu vya kutokea. Alikuwa mlangoni tayari alipogeuka.

"Kuna kitu posta, Eliza?"

"Bado, Daktari."

Akaenda kuituma.

Nimefanya makosa mengine maishani, makubwa zaidi kwa gharama. Hakuna ninalolikumbuka kwa usahihi kama neno hilo "bado" na namna lilivyotoka kwa urahisi, sauti yangu ya kawaida kabisa. Ule mstari naweza kuuita ujana au haraka. Neno lile sina jina jingine la kuliita. Siku zilizofuata chakula kilinishinda. Kupitia ukutani nilimsikia Mama Siame akimwambia dada yake kwamba binti wa watu anadhoofika ndani ya nyumba yake. Jumatano akaniweka jikoni, akafunga mlango.

"Eliza, una mimba?"

"Hapana, mama."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi umesema uongo, maana mapenzi hayakukatishi ugali hivi." Akanitazama. "Pikapu ya Isongole inaondoka kesho alfajiri na mapema. Dereva ni mkwe wangu, nitamwambia akuwekee nafasi."

Niliondoka Alhamisi, bomba mapajani, siku ya tisa tangu lifike. Nilimkuta Daktari ndani, akimlisha mama yake uji kwa kijiko, akimpangusa kidevu kila baada ya funda moja. Niliamkia. Nikasema nimeleta kitu na nina neno la kusema. "Subiri amalize," akanijibu. Nikasubiri bakuli zima. Kisha alinawa mikono, akatandika mkeka mlangoni penye nuru, akaniambia nifungue. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Sikujiandaa kwa kile kilichotokea, kwamba alipouona ule utepe alisahau kwamba nipo. Alipiga magoti. "Tazama inavyoingia," akasema. "Tazama, imefuata ukingo, imeshuka, imejaa. Lo! Nzuri sana hii." Alikuwa anaona kitu ambacho huenda watu wachache tu duniani walikuwa wamekiona, na kwa dakika kadhaa alifurahi kabisa. Halafu mkono wake ukasimama.

"Imefika lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Alihesabu kwa kutazama juu. "Ijumaa nilipokuuliza ilikuwapo."

"Ilikuwapo."

"Wapi?"

"Chini ya kitanda changu." Nikaanza kulia, nikasema na mstari ule niliuchora huku nikijua kwamba hapakuwa na picha.

"Mstari niliupitisha mimi," akasema. "Sikuchukua kioo. Huo ni wangu na wako. Ijumaa ni yako peke yako." Hakupandisha sauti. Mama yake akaita kutoka ndani, Daktari akainuka akaenda kumgeuza. Aliporudi alikuwa amevaa viatu. Tulirudi Tunduma na pikapu ileile. Kesho yake alikwenda posta, akapiga simu ya ng'ambo, akasimama kwenye kibanda cha simu kwa muda mfupi sana. Nilisimama nje. Nilimsikia akitaja jina lake, akataja kichwa cha makala, kisha kwa Kiingereza kilichonyooka akasema hoja yake ya msingi si kweli na anaomba makala irudishwe. Hakunitaja.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Ilimshukuru kwa uaminifu wake. Ilimwarifu kwamba amalizie kipande alichonacho, na kwamba vile vinavyopakana nacho vimepewa wengine. Alinisomea yote kwa sauti, akaikunja. Nikamwambia nitaondoka mwisho wa wiki, atafute mtu mwingine. "Mwingine sijui atadanganya wapi," akasema. "Wewe najua. Leta karatasi mpya, tunaanza kona ya juu." Nimeongoza vijana wengi tangu wakati huo, katika kazi za visima na makaa ya mawe huku Ileje na Momba, na baadhi yao wamenidanganya. Nimejaribu kusema maneno yale. Yanahitaji mtu ambaye kweli hana kinyongo, na mimi mara nyingi nilikuwa nacho.

Tulianza upya. Mwezi wa kumi alinichukua siku tatu hadi Chitete, ambako leo kuna ofisi za wilaya na siku hizo palikuwa kijiji na njia mbovu, tukashuka ukingo wa bonde kwa miguu. Aliniambia nifuate ufa mmoja wa ardhi, nisiuache, nipige kigingi kila hatua hamsini. Niliufuata asubuhi nzima, jua likinichoma shingo, hadi ulipoingia chini ya udongo wa shamba la mtama lililokwisha kuvunwa na kupotea. Nikaona ng'ambo ya shamba kuna kijiukingo kinachofanana nao. Mwenye shamba, mwanamke wa makamo, alituuliza kama tunatafuta maji. "Tunatafuta ufa huu umekwenda wapi," nikamjibu. "Mimi nalima hapa mwaka wa kumi, sijauona," akasema. Daktari alinigeukia. "Unaandika nini hapo?" Nilitazama mabua ya mtama. Nilitazama kile kijiukingo, na moyo wangu wote ulitaka kuviunganisha. "Sijui," nikasema. "Ndiyo hivyo. Kiandike hicho." Nikaandika kwenye daftari, sijui, na ajabu yake ni kwamba haikuniuma, nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mama yake alifariki mwezi wa kumi na moja. Tulimzika, na baada ya wiki mbili Daktari alirudi kwenye mlango wake wa mbao kwa sababu kipande kilitakiwa kabla ya mwaka kwisha. Hakuzungumza habari za kurudi Ulaya. Siku moja alitaja shule iliyokuwa inatafuta mwalimu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kazi tukaigawa: yeye nusu ya magharibi, mimi ya mashariki. Asubuhi ya siku ya kutuma, nilimkuta Mama Siame akimkaangia mihogo ya safari ya posta, na ramani zote mbili zimekunjwa mezani, zimefungwa uzi. Kwenye ukingo wa nje wa kila moja jina langu lilikuwa chini ya lake, kwa wino uleule. Sikuwa nimeomba. Nikaona pia kwamba fundo la karatasi yangu ni lile nililolifunga mimi jioni iliyotangulia, halijaguswa.

"Daktari, yangu hujaifungua."

"Sijaifungua."

"Lakini umeitia saini."

"Pembeni. Nimeiona pembeni."

"Kwa nini usiikague?"

Alikuwa anakula muhogo. Alitafuna hadi akamaliza. "Posta inafungwa saa kumi na moja," akasema. "Kuna muda kama mtu anataka kuikagua."

Nikaichukua, nikarudi chumbani, nikalaza picha chini na ramani juu, nikachukua kioo cha kukuzia na kuanzia kona ya juu kushoto. Nilikwenda mstari kwa mstari. Sikutoka kula. Nilifika kona ya chini saa tisa na nusu, na nilikuwa nimekuta makosa mawili. Nikaweka kioo chini, nikatoka uani kwenda kumwambia.